Daraja la Kwanza au Fizikia? Jibu kwa Mama wa Tukuyu

Mama mmoja wa Tukuyu ameniandikia hivi:

"Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu yuko kidato cha tano mkoani Iringa, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na tangu shule ya msingi anasema atakuwa daktari. Mtihani wa kufunga muhula wa kwanza amepata Baiolojia 71, Kemia 58, Fizikia 34. Mjomba wake anasema ahamie CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), kwa kuwa kidato cha nne alipata A ya Jiografia. Anasema akipata daraja la kwanza hakuna chuo kitakachomkataa. Mwalimu wake mmoja amemwambia kuna mtihani unaitwa SAT, akiufanya vizuri anaweza kwenda kusomea udaktari Marekani bila kulipa. Binti mwenyewe sasa anataka kuacha BAM, zile hesabu za nyongeza (Basic Applied Mathematics), anasema haihesabiwi. Nimsikilize nani?"

Mama, ndaga fijo kwa kuandika mapema, maana barua za namna hii nyingi hunifikia mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakiwa yameshatoka. Nitakujibu yote, ila nianze na lisiloweza kusubiri. Kama binti bado anautaka udaktari kwa moyo wake, asihame PCB. Akihama leo, mlango wa udaktari kupitia kidato cha sita unafungwa leo hii, na daraja la kwanza halitaufungua.

Najua mjomba ana nia njema. Hesabu yake pia inaeleweka, kwa sababu ndiyo hesabu tunayoifanya wazazi wengi matokeo yanapobandikwa: daraja gani, pointi ngapi, mtoto wa nani kapata "wani". Tatizo ni kwamba vyuo vikuu havitumii hesabu hiyo. Binti yako atapimwa kwa mizani mbili tofauti, na mizani hizo zinakwenda kinyume.

Ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, NECTA. Kwa kidato cha sita alama 80 na kuendelea ni A, 70 hadi 79 ni B, 60 hadi 69 ni C, 50 hadi 59 ni D, 40 hadi 49 ni E, 35 hadi 39 ni S, na chini ya 35 ni F. Baraza huipa A pointi 1, B pointi 2, hivyo hivyo mpaka F inayobeba pointi 7. Masomo matatu ya mchepuo yanajumlishwa. Jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Hapa mwenye pointi chache ndiye bora.

Ya pili ni ya udahili wa vyuo vikuu, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hapa A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu pointi, na F ni sifuri. Mwenye pointi nyingi ndiye bora. Tena kuanzia A hadi E ndio ufaulu kamili, ule ambao watu wa udahili wanauita prinsipo. S ni sabsidiari: inasaidia mahali fulani fulani, lakini haihesabiki kuwa prinsipo. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza moja kwa moja kutoka kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na hizo mbili ziwe katika masomo yaliyotajwa na programu anayoiomba. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mjomba hakuyasikia. (Kama alichukua ushauri kwa kijana aliyemaliza 2014 au 2015, ajue miaka hiyo miwili ilikuwa na alama ya B+ na thamani zake zilikuwa tofauti. Hesabu ya kijana yule haimfai binti.)

Sasa tuchukue alama za binti yako mwenyewe, tuzifanye kana kwamba ni za mtihani wa taifa. Baiolojia 71 ni B, Kemia 58 ni D. Akihamia CBG na kupata A ya Jiografia, Baraza litamhesabia 2 na 4 na 1, jumla 7. Hilo ni daraja la kwanza, na nyumbani mtachinja kuku. Akibaki PCB na kupata 40 tu ya Fizikia, yaani E, Baraza litamhesabia 2 na 4 na 5, jumla 11. Daraja la pili. Kwa macho ya mtaani mtoto wa kwanza amemshinda wa pili mbali sana.

Wapeleke wote wawili kwenye dirisha la Udaktari wa Binadamu. Mwongozo wa udahili wa TCU umekuwa ukitaka prinsipo tatu, katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, zenye jumla ya pointi zisizopungua 6. Mtoto wa PCB ana 4 na 2 na 1, jumla 7. Ametimiza kiwango cha chini cha pointi. Mtoto wa CBG ana pointi 11, lakini hana Fizikia, na ombi lake halifiki hata hatua ya kushindanishwa. Daraja la kwanza lisilo na somo linalotakiwa ni tiketi ya basi zuri lisilofika unakokwenda.

Nikupe na mfano mwingine, maana huu ndio unaowaliza watu mwezi wa saba. Msichana wa PCB ana B ya Kemia, B ya Baiolojia na S ya Fizikia. Mwenzake ana C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia. Kwa Baraza wa kwanza ana pointi 10 na wa pili ana 12, wote daraja la pili, na wa kwanza ndiye aliyefaulu zaidi. Kwa TCU wa kwanza ana pointi 8 na nusu, mwenzake ana 6. Lakini wa kwanza ana prinsipo mbili tu, hivyo hana sifa ya udaktari, na mwenye pointi 6 anayo. Kati ya 39 na 40 ya Fizikia kuna ukuta, mama. Binti yako leo ana 34. Amebakiza alama 6 kuufikia.

Hapo naomba tusidanganyane. Kuwa na sifa ni jambo moja, kuchaguliwa ni jambo jingine. Udaktari unaombwa na wengi kuliko nafasi zilizopo, na nafasi zenyewe zimetajwa kwenye mwongozo huo huo, programu kwa programu. Waombaji wakizidi nafasi, wanaochukuliwa ni wenye alama za juu. Mtoto mwenye pointi 6 au 7 anaruhusiwa kuingia kwenye foleni, ila atakuwa nyuma. Vyuo vingine huweka pia alama ya chini kwa somo moja moja, hasa Kemia na Baiolojia, kwa hiyo soma safu ya chuo unachokilenga, usiishie kwenye maelezo ya jumla. Ndiyo maana lengo la binti lisiwe E ya Fizikia. E ni ya kumvusha ukuta. Pointi za kumsogeza mbele zitatoka kwenye Baiolojia, ambako alama 9 zinamtenganisha na A, na kwenye Kemia, ambako amebakiza alama 2 kufika C. Mtoto mwenye A, C na D ana pointi 10, na huyo ni mshindani wa kweli.

Utaniuliza: je, akishindwa kabisa Fizikia? Hapa ndipo hofu ya mjomba inapokuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Tuseme mtihani wa mwisho anapata B ya Baiolojia, D ya Kemia na F ya Fizikia. Baraza litampa 2 na 4 na 7, jumla 13, daraja la tatu. Majirani watasikitika. Lakini kwa TCU bado ana prinsipo mbili zenye pointi 6, katika Kemia na Baiolojia, na masomo hayo mawili ndiyo yanayoulizwa na programu nyingi za kilimo, mifugo, sayansi ya chakula, mazingira, na ualimu wa Kemia na Baiolojia. Kwa hiyo akibaki PCB na Fizikia ikamshinda, anaweza kuishia karibu na milango ile ile ambayo CBG ingemfungulia, akikosa ile inayodai Jiografia. Akihama, anaupoteza udaktari kwa hakika ili asiupoteze kwa bahati mbaya. Mimi siwezi kumshauri mtoto wa mtu biashara hiyo.

Kuna sababu moja tu ingenifanya niseme ahame, nayo ni kama udaktari ni ndoto ya nyumbani kuliko ya kwake. Muulize akiwa likizo, mkiwa wawili, mjomba hayupo. Muulize anaijua vipi kazi ya hospitali, amewahi kumwona nani akiifanya, na ni kipi hasa kinachomvuta. Wapo watoto wanaosema udaktari kwa kuwa ndiyo kazi pekee ya afya waliyowahi kuisikia. Akikwambia anapenda wagonjwa, na si lazima awe daktari, basi shahada ya uuguzi katika vyuo kadhaa hutaka Kemia na Baiolojia, na somo la tatu likawa Fizikia au Hisabati au Lishe. Akikwambia anapenda ardhi na misitu, CBG ni mchepuo wa heshima kabisa, na nyanda zetu zinawahitaji wataalamu hao. Akiamua hivyo ahame sasa, si mwakani. Kidato cha tano huanza Julai na mtihani wa taifa hufanyika Mei ya mwaka wa pili baada ya hapo, yaani chini ya miaka miwili. Kila wiki inayopita ni mada za Jiografia ambazo wenzake wameshazisoma. Aende kwa mwalimu wa taaluma, aulize kama shule ina CBG na kama nafasi ipo. Isipokuwepo, suala linakuwa uhamisho wa shule, na huo una safari yake.

Tuseme anabaki. Hiyo 34 ya muhula wa kwanza wala isikuogopeshe sana. Fizikia ya kidato cha tano inawaangusha karibu wote mwanzoni, hata waliotoka na A kidato cha nne, kwa sababu ghafla inadai hesabu ambazo hawajawahi kuziona. Swali la kumuuliza si amepata ngapi, ni alama zimepotelea wapi. Aombe karatasi yake ya majibu, akae na mwalimu wa Fizikia, wapitie swali kwa swali. Mara nyingi mtoto anaijua kanuni na anakwama kwenye kuitumia, au anafika kwenye jibu na kusahau kizio, au hakugusa kabisa maswali ya mada moja. Hayo ni magonjwa tofauti, na dawa zake ni tofauti. Ukimpeleka twisheni kabla ya kujua anaumwa nini, utalipa hela na mtoto ataongezewa madaftari tu.

Kisha kuna hazina ambayo haina gharama na bado wengi hawaigusi. NECTA huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani, na pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Taarifa hizo zinaonyesha swali lilitaka nini, wengi walikosea wapi, na zinaweka mifano ya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Mtoto anayesoma taarifa za Fizikia za miaka mitatu au minne anaanza kuona kwamba makosa ni yale yale kila mwaka. Shule ikiwa na kompyuta moja yenye mtandao, mwalimu anaweza kuzipakua na kuzichapa. Mtihani wa vitendo nao usisahauliwe: mwanafunzi anayeingia maabara kila wiki na kuchora grafu zake vizuri anaokota alama ambazo mwenzake wa nadharia tupu anaziacha mezani.

Lipo pia jambo la kidato cha nne, ambalo watu hudhani limekwisha. Cheti kile bado kinasomwa. Programu nyingi zina sharti la pembeni: aliyetoka na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) anayetaka uchumi huulizwa Hisabati ya kidato cha nne au BAM, na anayetaka uhandisi kwa Fizikia na Hisabati, mathalani pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, anaweza kuulizwa na Kemia yake ya kidato cha nne. Chukua cheti cha binti, angalia Hisabati na Kiingereza. Kama zote mbili zimefaulu vizuri, endelea na shughuli zako. Na kama mambo yakiharibika kabisa kidato cha sita, cheti hicho hicho ndicho kitakachomwingiza kwenye stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kwa ufaulu wa kuanzia D katika Kemia, Baiolojia na Fizikia pamoja na somo jingine. Akimaliza na wastani wa B au GPA (wastani wa pointi) ya 3.0, na akitimiza masharti mengine ya mwongozo, anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari kwa njia hiyo, akiwa tayari anajua kumpima mgonjwa. Wapo matabibu waliopita huko na leo ni madaktari wazuri. Ni njia ndefu, si njia ya aibu.

Kuhusu mahali, asifikiri udaktari ni Dar es Salaam tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya hapa hapa Mbeya mjini, na inafundisha udaktari. Siku hizi maombi hayapitii dirisha moja la TCU. Mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, anaweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja, na akichaguliwa kwingi anathibitisha kimoja. Asome mwongozo wa mwaka wake mwenyewe, si wa kaka yake, maana masharti hubadilika. Na tangu tahasusi mpya, yaani michepuo mipya, zilipoongezwa mwaka 2024, mambo ya michepuo nayo yamepanuka, kwa hiyo kusoma mwongozo kumekuwa muhimu kuliko kukariri.

Sasa Marekani.

Mwalimu wake ana haki ya kumfungua macho, nami nafurahi mtoto wa Rungwe anaambiwa kwamba dunia ni kubwa. Lakini sentensi ile, "akasomee udaktari Marekani", ina kasoro kubwa. Marekani kwa kawaida mtu haingii udaktari kutoka sekondari. Anasoma kwanza shahada ya kwanza ya miaka minne, ya fani yoyote mradi atimize masomo ya sayansi yanayotakiwa, halafu anafanya mtihani mwingine uitwao MCAT, ndipo anaomba shule ya udaktari ya miaka minne mingine. Shule hizo za udaktari nyingi hazipokei wageni kabisa au hupokea wachache sana, na ufadhili wa wageni ni adimu. Kama anachotaka ni kuwatibu watu wa nyumbani akiwa bado kijana, Mbeya ni karibu kwa kila maana.

Kama anavutiwa na shahada ya kwanza ya sayansi huko, hiyo ni habari nyingine. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Bowdoin na Dartmouth havimpunguzii mwombaji wa nje nafasi kwa sababu ya umaskini, na wakimchukua wanamlipia pengo lote la ada na matumizi ambalo familia haiwezi. Ushindani wake ni mkali mno. Nakuambia ili usiuze shamba la chai kwa ahadi ya mtu. Atakayekuja kukwambia ana nafasi ya uhakika, lipa kwanza, mfukuze. Ushauri wa kweli unatolewa bure na EducationUSA, kupitia Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam.

Jinsi wanavyopima ni tofauti na kwetu. Hawana mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari. Wanatazama kwanza masomo yote ya miaka minne ya mwisho, kwa mtoto wetu kidato cha tatu hadi cha sita: alisoma nini, yalikuwa magumu kiasi gani ukilinganisha na yaliyokuwepo shuleni kwake, na alama zilipanda au zilishuka. Mtoto wa kule mwenye masomo ya juu yaitwayo AP anapewa uzito kwa sababu shule yake inayo. Mtoto wa Iringa haulizwi kwa nini hana AP. Anaulizwa kama alichukua mchepuo mgumu uliokuwepo. PCB inasomeka vizuri huko. Hata hapa, kukimbia Fizikia kungemgharimu.

Baada ya hapo ndipo SAT inapoingia. Ni mtihani wa kompyuta wa saa 2 na dakika 14, maswali 98, una sehemu mbili: kusoma na kuandika Kiingereza, na hesabu. Kila sehemu ina alama 200 hadi 800, jumla ya juu 1600. Kila sehemu imegawanywa vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili unategemea alivyofanya cha kwanza. Jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo asiache swali wazi. Hesabu zake nyingi ni za kiwango cha sekondari yetu ya kawaida, hakuna tofautishi (differentiation) wala uunganishaji (integration), na kikokotoo kimo ndani ya programu ya kompyuta inayofanyiwa mtihani. Watoto wetu hukwama zaidi kwenye Kiingereza, kwa sababu wamekizoea cha vitabu vya sayansi tu. Majaribio ya bure yamo kwenye programu hiyo, iitwayo Bluebook, na tovuti ya Khan Academy inafundisha bila malipo.

Si kila chuo kinaitaka. Wakati wa korona vyuo vingi viliiacha. MIT ikairudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kuirudisha, Yale ikiruhusu pia mitihani mingine kama AP. Chuo Kikuu cha California hakiitazami kabisa katika kuchagua. Dartmouth imesema inapokea kwa waombaji wa nje matokeo ya mtihani wa taifa unaolingana na ile ya kimataifa, na Harvard huupokea wa kumaliza sekondari kwa asiyeweza kabisa kuifikia SAT. Kwa hiyo cheti cha NECTA si karatasi tupu huko.

Ila kuna mtego wa kalenda. Maombi ya vyuo hivyo hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka kufikia mwisho wa Machi. Mtihani wetu wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai. Akiomba akiwa bado shuleni, atakuwa na matokeo ya taifa ya kidato cha nne tu, ripoti za muhula, mtihani wa utamilifu (mock) kama umeshafanyika, na makadirio ya walimu. Hapo ndipo SAT inapopata uzito, kwa sababu ndiyo alama pekee mpya ambayo msomaji wa kule anaijua vizuri. Akisubiri matokeo ya Julai na kuomba baadaye, anakuwa na cheti kamili mkononi na muda wa kujiandaa. Mimi ningemshauri asubiri. Kidato cha sita na SAT kwa wakati mmoja, huku Fizikia iko 34, ni kumbebesha mtoto mizigo miwili na kumtaka apande mlima Kitonga.

Kitu kimoja tu cha Marekani kifanyike sasa, na ni cha bure: atunze ripoti zake zote za muhula kuanzia kidato cha tatu. Mwalimu wa taaluma wa shule aliyomaliza kidato cha nne bado anazo kumbukumbu leo. Baada ya miaka mitatu, walimu wakihamishwa na makabati yakibadilishwa, kuzipata ni taabu. Aombe nakala zilizogongwa muhuri. Akifikia kuamua kufanya SAT, aangalie vituo vilivyo wazi kwenye tovuti ya College Board, wenye mtihani huo, mapema, awe na pasipoti, na ahesabu nauli na malazi, kwani huenda akalazimika kusafiri mbali na kwenu.

Limebaki la BAM. Mwambie asiiache. Ni kweli haimo katika masomo matatu ya daraja, wala si prinsipo. Lakini ndani yake kuna tofautishi, uunganishaji, trigonometria na logarithimu, na Fizikia inayomsumbua inazihitaji hizo hizo: mwendo wa kitu ni tofautishi tupu. Akiielewa BAM, maswali ya mekanika yanaanza kufunguka. Na siku akibadili mawazo akataka programu inayouliza hesabu, ufaulu wa BAM ndio utakaomtetea. Atenge jioni mbili kwa wiki, mada ya BAM leo na maswali ya Fizikia yanayoitumia kesho yake, na kabla ya mtihani wa muhula ujao aniandikie amefika wapi. Nitamjibu yeye mwenyewe.